Nakala thelathini kwanza: kitabu cha kikundi bila deni la mchapaji

Vikundi vya kujitolea vya Nakuru na viunga vyake havikosi cha kuandika. Wapo wanaohesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapo akina mama wa kanisa wenye madaftari ya mapishi, vijana wa Bondeni wanaorekodi kumbukumbu za wazee, na walimu wastaafu wa Njoro wenye hadithi za watoto ambazo hazijawahi kutoka darasani. Kinachokosekana ni pesa za kumlipa mchapaji nakala elfu moja. Na harambee ikizileta, miezi sita baadaye makatoni yamejaa sebuleni kwa katibu, panya wanasoma kuliko wanachama.

Mwongozo huu ni wa kikundi ambacho hakitaki kufika huko. Njia yenyewe ni kuchapa kwa oda: mnachapa nakala zilizoombwa tu, au chache zaidi ya hizo, na zikiisha mnachapa tena.

Njia hii inawezekana kwa sababu ya mashine. Uchapaji wa ofseti huanza kwa kutengeneza mabamba ya chuma, na gharama hiyo inalipwa hata kama unataka nakala moja. Ndiyo maana mchapaji wa ofseti hukusukuma ufike mia tano au elfu, kwani huko ndiko bei ya nakala moja inakoshuka. Mashine ya kidijitali haina bamba. Inasoma faili na kuchapa, na nakala ya kumi hugharimu karibu sawa na ya mia. Kila nakala itakuwa ghali kuliko ya ofseti, hilo likubalini mapema, lakini hamtalipia nakala ambazo hazina msomaji.

Wachapishaji wakubwa wa Afrika waliliona hili kabla yetu. African Books Collective, iliyoanzishwa mwaka 1985 na wachapishaji wa bara hili, akiwemo Walter Bgoya wa Tanzania na marehemu Henry Chakava wa Kenya, ilikuwa ikisafirisha vitabu kwenda bohari la Oxford. Baadaye ikahamia kwenye kuchapa kwa oda, ili kitabu cha Nairobi au Dar es Salaam kichapwe kule kule mnunuzi aliko. Huduma yao ni kwa wachapishaji waliosajiliwa, si kwa kikundi chenye kitabu kimoja, ila mantiki yao mnaweza kuichukua bure: chapeni karibu na msomaji.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mchapaji, andikeni kwenye karatasi wasomaji wenu wako wapi. Ikiwa ni Lanet, Gilgil, Molo na Subukia, jibu ni mashine iliyo Nakuru au Nairobi. Ikiwa nusu yao ni watoto wenu walioko Marekani na Uingereza, hapo ndipo majukwaa ya nje ya kuchapa kwa oda mtandaoni yanapofaa. Vikundi vingi huanzia kwenye Amazon kwa sababu ni bure kujisajili, kisha hushangaa kwamba nakala moja ya kufika Nakuru inadai nauli kubwa kuliko bei ya kitabu chenyewe.

Mashine ya karibu

Nakuru, anzeni kwa duka linalochapa ratiba za mazishi. Sitanii. Mtu akifariki Jumatatu, familia huwa na kijitabu cha rangi cha kurasa kumi na sita mkononi kabla ya maziko ya Jumamosi, na hiyo ni kuchapa kwa oda bila jina la kizungu. Duka la namna hiyo lina mashine ya kidijitali, lina mtu anayejua kupanga kurasa, na limezoea haraka. Kijitabu chembamba kinachofungwa kwa stepo mtakimaliza hapo hapo mjini. Kitabu chenye mgongo kinahitaji mashine ya gundi ya moto, na hizo si za kila duka. Ulizeni waziwazi kama kazi ya gundi inafanyika pale au inapelekwa Nairobi, maana ikipelekwa, mnamlipa mtu wa kati. Nairobi penyewe ni kilomita kama 160, na wachapaji wamejazana River Road na Kirinyaga Road. Kazi ikiisha, kifurushi hupakiwa kwenye matatu za Molo Line na jioni yake mnakichukua stejini.

Msikubali bei ya kuambiwa kwa simu. Pelekeni kitabu chochote kinachofanana na mnachokitaka, mwambieni mchapaji, "Kama hiki," kisha mtaje mambo manne: ukubwa, idadi ya kurasa, karatasi na jalada. Ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, haupotezi karatasi na unaingia kwenye mkoba. Karatasi ya gramu 80 haionyeshi maandishi ya upande wa pili. Ya gramu 70 ni rahisi kidogo lakini picha zitatokeza nyuma. Jalada liwe la gramu 250 hadi 300 na lipakwe lamineshini, hasa kama kitabu kitashikwa na watoto au kitapelekwa shambani. Ulizeni pia kama bei hiyo imejumuisha VAT, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2013 kodi hiyo ya asilimia 16 iligusa vitabu pia, na mara nyingi hujitokeza kwenye risiti tu.

Kisha ombeni nakala moja ya majaribio, mlipe hata kama ni ghali. Ikija, ifungueni katikati, ipindeni hadi majalada yakutane nyuma, halafu mshike ukurasa mmoja na kuuvuta. Ukitoka, gundi ni mbovu, na nakala zote zitakuwa hivyo. Tazameni picha nyeusi kwa mwanga wa dirishani. Someni namba za kurasa moja baada ya nyingine. Mpeni nakala hiyo mtu ambaye hakushiriki kuandika, mkae kimya, mwone anakwama wapi.

Hesabu

Hapa ndipo vikundi huumia, kwa hiyo tutulie kidogo. Tuseme kitabu chenu kina kurasa 200 za A5, ndani nyeusi na nyeupe. Tuseme pia mchapaji wa ofseti anadai shilingi 180 kwa nakala mkichukua mia tano, na wa kidijitali anadai 350 mkichukua thelathini. Ni bei za mfano; zenu mtazipata kwa kuuliza. Kwa macho ya kawaida 180 inashinda. Lakini nakala mia tano ni shilingi 90,000 zinazotakiwa siku ya kwanza. Mkiuza 120 kwa shilingi 500 kila moja, mmepata 60,000, bado mna pengo la 30,000 na makatoni. Mkichapa thelathini thelathini mara nne, mmetumia 42,000 kwa jumla na hamkuwahi kuhitaji zaidi ya 10,500 kwa wakati mmoja. Mmebaki na 18,000 na hakuna katoni hata moja.

Sasa wekeni duka la vitabu katikati. Duka litataka punguzo. Tuseme asilimia 35. Kwenye kitabu cha shilingi 500 duka linabaki na 175, ninyi mnapata 325, na kukichapa kuligharimu 350. Kila nakala inayouzwa dukani inakipunguzia kikundi shilingi 25, na kadiri inavyouzika ndivyo mnavyozidi kuzama. Wengi huligundua hili baada ya mwaka. Ama pandisheni bei hadi 600, mpate 390 na faida ya 40, ama msipeleke dukani kabisa. Kitabu cha kikundi huuzwa vizuri zaidi nje ya duka: baada ya ibada, kwenye mkutano mkuu, siku ya wazazi, kwenye kikundi cha WhatsApp, na kwa namba ya till iliyobandikwa juu ya meza. Mkitaka duka kwa ajili ya sifa, Nuria ya Nairobi inajulikana kwa kupokea vitabu vya waandishi wanaojichapishia na kuviuza mtandaoni. Maduka mengine yatawaambia mwache nakala kumi na mrudi baada ya miezi mitatu. Andikeni nani ameacha ngapi, wapi, na nani ametia sahihi.

Pesa ya awamu ya kwanza isitoke mfukoni mwa mweka hazina. Pigeni picha jalada, lisambazeni, na mchukue oda zilizolipiwa kupitia M-Pesa kabla ya kuchapa. Oda ishirini zilizolipwa zina thamani kuliko "nitachukua" mia mbili. Na kama oda ishirini hazifiki kati ya wanachama na jamaa zao, mmeshajibiwa. Kitabu kikae PDF kwanza.

Kazi ya kabla ya mashine

Kuchapa kwa oda hakuna mhariri ndani yake. Mashine itachapa makosa yenu kwa uaminifu mkubwa. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alipoanzisha jarida la Kwani? mwaka 2003 pamoja na waandishi wenzake, kundi lilikuwa kubwa na lenye kelele, lakini jarida lilikuwa na mhariri. Chagueni mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukata insha ya mwenyekiti. Pasipo mtu huyo kitabu kitakuwa na dibaji nne na shukrani za kurasa tisa, na kila ukurasa unalipiwa.

Picha huharibikia kwenye simu. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha, hubanwa hadi inabaki ya kutazamwa kwenye kioo tu. Ikichapwa, uso wa mzee unakuwa madoa. Waambieni wanachama waitume kama dokumenti, au waje na simu na mnakili wenyewe kwa waya. Mnahitaji nukta 300 kwa kila inchi kwa ukubwa itakavyochapwa, maana yake picha ya kujaza upana wa A5 iwe na takriban pikseli 1,750 upande huo. Zile zilizopakuliwa mtandaoni ziacheni. Ubora ni hafifu na mara nyingi zina mwenyewe.

Kuhusu lugha, zimeni ukataji wa maneno wa Kiingereza kwenye programu ya kupanga kurasa. Usipozimwa utakata "kuan-dika" badala ya "kua-ndika", na ukurasa mzima utaonekana umepangwa na mgeni. Alama ya ng' nayo huandikwa kwa namna mbili tofauti, iliyonyooka na iliyopinda, kulingana na simu ya mwandishi. Chagueni moja na mbadilishe zote kwa mkupuo. LibreOffice na Scribus ni za bure na zinatosha kwa kazi hii yote. Faili ya mwisho iwe PDF yenye fonti zilizofungwa ndani yake, la sivyo kompyuta ya mchapaji itaweka herufi zake. Picha ya jalada ipite ukingo kwa milimita tatu kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Mgongo hauwezi kupimwa kwa kukisia: karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo kurasa 200, ambazo ni karatasi 100, zinatoa mgongo wa milimita kama kumi. Mwulizeni mchapaji kipimo chake kabla ya kubuni jalada.

Kitabu ni cha nani

Kikundi kikigombana, kitagombania hili. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, aliyeandika ndiye mwenye haki, hata asiposajili popote, na haki hiyo haihamii kwa kikundi kwa sababu tu kikao kiliketi. Kuhamisha kunatakiwa kuwe kwa maandishi. Njia nyepesi ni kila mchangiaji atie sahihi karatasi moja inayosema: naruhusu kikundi kichapishe na kuuza andiko langu katika kitabu hiki na matoleo yake yajayo, mapato yataenda kwenye kazi fulani, mimi nabaki na haki ya kulitumia kwingine. Wapiga picha na wachoraji nao watie sahihi. Walioko kwenye picha na waliosimulia waulizwe, na kwa mtoto aulizwe mzazi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari binafsi za mtu. Mzee aliyesimulia habari za ardhi au za vurugu za uchaguzi asomewe sura yake kabla ya kuchapwa. Bonde la Ufa linajua kwa nini.

Kama hamtaki faida, kuna njia nyingine kabisa: leseni ya wazi. Mradi wa African Storybook, uliofunguliwa mwaka 2014 na wenye hadithi nyingi zilizoandikwa na walimu na wakutubi, wakiwemo wa Kenya, huruhusu yeyote kuchapa, kutafsiri na kurekebisha. Kwa kitabu cha watoto au cha afya mimi ningeifuata njia hiyo bila kusita.

Kisha namba ya kutambulisha kitabu. ISBN za Kenya hutolewa na Kenya National Library Service, na nyingi utazitambua kwa 9966 inayofuata 978. Hamlazimiki kuwa nayo kuuza kwa wanachama, ila duka na maktaba zitaiuliza. Ombeni kwa jina la kikundi, si la katibu, na hakikisheni kikundi kimesajiliwa. Siku hizi ni chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Sheria ya Vitabu na Magazeti, sura ya 111, inataka nakala ziwasilishwe kwa serikali ndani ya siku 14 za kuchapishwa. Tengeni nakala nne au tano za awamu ya kwanza kwa kazi hiyo na kwa maktaba ya Nakuru, mzihesabu kwenye gharama tangu mwanzo.

Kwa walioko ng'ambo

Majukwaa yanayojulikana ni KDP ya Amazon, Lulu, na IngramSpark. Kwenye yote mnapakia faili mbili, ya ndani na ya jalada, mnaweka bei, kisha mnunuzi akilipa, kitabu kinachapwa na kutumwa kwake. Kabla ya yote, fungueni orodha ya lugha wanazokubali. Si kila jukwaa linapokea kila lugha, na kitabu cha Kiswahili kinaweza kurudishwa baada ya mwezi wa kazi. Mkikwama upande mmoja, jaribuni mwingine.

ISBN ya bure ya KDP haitumiki nje ya KDP, na kitabu kitaandikwa kuwa kimechapishwa kwa kujitegemea. Tumieni namba yenu ya Kenya. Kwenye mgongo, KDP haitaki maandishi kama kitabu kina kurasa chini ya 79.

Mapato ya majukwaa haya ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, kitabu cheusi na cheupe cha kurasa 200 kiligharimu dola 3.40 kuchapwa Marekani. Mkikiuza dola 10, mgao wa asilimia 60 ni dola 6. Toeni gharama, inabaki 2.60. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo asilimia 30 inakatwa hapo hapo. Mnabaki na dola 1.82. Haitoshi kujenga darasa, lakini shangazi aliyeko Minnesota amekisoma bila ninyi kulipa posta.

Suala zito zaidi ni akaunti. Jukwaa litataka jina, kitambulisho na njia ya malipo, na kikundi kidogo hujikuta kikitumia za mtu mmoja. Lulu hulipa kwa PayPal, na tangu 2018 pesa za PayPal zinaweza kuletwa M-Pesa. Ni rahisi, na ni rahisi pia kupotelea kwenye simu ya mtu. Pitisheni kwenye kumbukumbu za kikao ni nani anashika akaunti, barua pepe ya akaunti iwe ya kikundi na si yake, na taarifa ya mauzo isomwe kila robo ya mwaka mbele ya wote. Akijiuzulu au akihamia Eldoret, nenosiri lisihame naye.

Awamu ya pili

Faida kubwa kuliko zote hujitokeza nakala thelathini zikiisha. Eneo hili hubadilika. Kijitabu cha kuelekeza wageni Ziwa Nakuru kilichochapwa mwaka 2009 kingekuwa na barabara ambazo sasa ziko chini ya maji, baada ya ziwa kupanda katika mwongo uliofuata. Kitabu chochote kilichoandika "mji wa Nakuru" kabla ya tarehe 1 Desemba 2021, siku Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, kinahitaji kalamu nyekundu. Mwenye nakala mia nane kwenye makatoni hawezi kusahihisha. Ninyi mnaweza.

Wekeni daftari la masahihisho kuanzia siku ya uzinduzi: jina lililokosewa, mwaka, spishi iliyochanganywa, bibi anayesema hakuwahi kusema hivyo. Masahihisho madogo hayahitaji ISBN mpya. Sura mpya au mpangilio mpya unaihitaji. Kwenye ukurasa wa haki andikeni mwezi na mwaka wa kila awamu, ili mtu akibishana mjue ameshika ipi.

Na faili isibaki kwa mchapaji pekee. Ombeni PDF aliyoitumia kwenye mashine pamoja na faili ya kuharirika, kabla ya kumaliza kulipa, si baada. Nakala moja iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kikundi, nyingine kwenye flashi iliyofungiwa kabatini pamoja na cheti cha usajili.